Nimepata Rolex iliyotumika, nitajuaje kama si ya wizi kabla sijamalizia hela?

Mwambao_88 (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Kuna Rolex Datejust ya chuma, milimita 36, uso wa bluu, naifuatilia kwa mtu hapa Dar. Anataka milioni 4.5. Boksi halipo, ila kadi ya waranti ipo, ya plastiki, imeandikwa 2015. Muuzaji si mtu wa kona kona, ana ofisi yake na watu wanamjua. Ninachouliza ni kimoja tu: kuna namna ya kuangalia kama saa iliibwa kabla sijamalizia hela? Mnaojua saa nisaidieni, naulizia kitu serious. Nawasilisha.

Chuma_Chakavu
Milioni nne na nusu ujue saa ngapi, na simu unayo mfukoni! Ingia dukani chukua Seiko 5 mpya, automatiki, na risiti yake. Utavaa miaka na hakuna atakayekuuliza umeitoa wapi.

Lenzi_Kumi
Mleta uzi, ipo namna, ila inaanzia kwenye saa yenyewe. Kadi utaiangalia baadaye.

Rolex zina namba mbili. Namba ya modeli iko ubavuni mwa kasha upande wa namba 12 ya uso, katikati ya yale masikio mawili yanayoshika mkanda, chini ya maneno ORIG ROLEX DESIGN. Namba ya saa yenyewe iko upande wa namba 6. Zote mbili zimefunikwa na mkanda, kwa hiyo lazima mkanda utolewe. Kwenye saa mpya zaidi namba ya saa ilihamia ndani, kwenye pete ya chuma inayozunguka uso chini ya kioo, nayo unaisoma bila kufungua chochote. Mabadiliko hayo yalikuja taratibu kuanzia katikati ya miaka ya 2000.

Mwambie fundi abandike utepe kwenye masikio yasichubuke, asukume pini za mkanda kwa kifaa chenye ncha ya uma. Jasho na uchafu huwa umejaa hapo. Mswaki laini na maji ya sabuni vinatosha, usikwangue kwa sindano. Kisha weka lenzi inayokuza mara kumi, ile ya sonara. Namba halisi imechongwa kwa mistari myembamba yenye kingo kali, ukigeuza saa kwenye mwanga mistari inameta. Ya bandia mara nyingi imeliwa na asidi: unaona vidoti na chembechembe kama mchanga. Na ukikuta pale pamepigwa msasa au namba imefutwa nusu, rudisha saa, aga, ondoka. Hakuna sababu njema ya mtu kufuta namba pale.

Ukishaisoma kwa macho yako ndipo unaitafuta kwenye rejista za saa zilizoripotiwa kuibwa. Zipo mbili kubwa. The Watch Register ya London, inatoza ada ndogo na unapata cheti cha utafutaji. Enquirus, iliyoanzishwa mwaka 2023 na Richemont, kundi linalomiliki kampuni kadhaa za saa, kutafuta ni bure na inapokea saa za kampuni zote, si zao tu. Usitumie namba aliyokutumia muuzaji kwa WhatsApp, wala ile ya kwenye kadi. Tumia uliyoisoma kwenye chuma.

Bi_Tausi
Mwanangu, mali ya wizi haina baraka hata ukiivaa Idi. Ila mimi nina swali: umeandika "kumalizia hela". Umeshatoa ngapi?

Mwambao_88
Shikamoo mama. Nilitoa laki tano kama kishika uchumba, maana kuna mtu mwingine alikuwa anaitaka. Hilo halibadilishi kitu, nimeuliza kuhusu kuangalia namba tu. @Lenzi_Kumi asante sana. Namba alinitumia picha, iko ubavuni kama ulivyosema, inaanza na F halafu tarakimu sita. Niiweke hapa mniangalizie?

Lenzi_Kumi
Usiiweke hadharani. Namba halali ikizagaa, wanaotengeneza feki wanaichonga kwenye mamia ya saa, na matapeli wanaitumia kutangaza saa wasiyokuwa nayo.

Fundi_wa_Mashine
Mie naona mnamtisha bure. Cha kwanza ajue kama ni Rolex au mchina. Avute kile kifundo cha kurekebishia saa hadi mwisho, mkono wa sekunde lazima usimame palepale. Tarehe iruke kwa mpigo mmoja karibu na saa sita usiku, si kutambaa kuanzia saa nne. Mkanda nao, aushike saa ikiwa kwa ubavu. Ukilegea na kuinama kama upinde, vipande vimelika, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Kwenye 4.5 mimi ningeanzia 3.8.

Kariakoo_Junior
Ngojeni wakuu. Hii ni chai.

Namba ya herufi moja ya F na tarakimu sita ni ya saa zilizotengenezwa kati ya 2003 na 2005. Kuanzia 2010 Rolex wameacha mpangilio huo, namba ni herufi na tarakimu nane zilizochanganywa ovyo, huwezi kujua mwaka kwa kuitazama. Sasa saa ya F inapataje kadi ya 2015? Halafu Datejust ya chuma iliyotumika, hata yenye umri, kwa kawaida inauzwa dola elfu nne na kuendelea. Yeye anaipata kwa hela isiyofika elfu mbili, kwa "mtu mwenye ofisi" asiye na kazi iliyotajwa. Mleta uzi ametunga hadithi, au yeye ndiye anayeuza na anataka kujua wanunuzi watakagua nini.

Mwambao_88
Sijatunga kitu mkuu. Kadi nimeishika mkononi na saa nimeivaa.

Chuma_Chakavu
Chai ya tangawizi hiyo. Muuzaji anafanya kazi gani? Jibu hilo tu.

Lenzi_Kumi
@Kariakoo_Junior hesabu yako ya miaka ni sahihi, ila haithibitishi kwamba kijana anadanganya. Inathibitisha kwamba kadi si ya saa hiyo. Kadi huuzwa peke yake mitandaoni, na mtu mwenye saa isiyo na karatasi huitafutia kadi yoyote inayofanana. Mwambao, soma namba iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, ulinganishe na picha. Na ujibu swali la Chuma: muuzaji aliipataje?

Mwambao_88
Nimelinganisha. Namba ya modeli inafanana, namba ya saa haifanani. Nilijua ni makosa ya dukani.

Muuzaji anakopesha watu hela. Saa iliwekwa bondi kwake mwaka jana, mwenyewe hakurudi. Sikusema mwanzo kwa sababu najua mtakimbilia kusema ni ya wizi, na kuuza bondi ni biashara ya kawaida hapa mjini. Bei iko chini kwa sababu yeye anarudisha hela aliyokopesha tu, hatafuti faida ya saa.

Wakili_Pembeni
Bondi ni biashara halali, lakini hapo ndipo penye tatizo lako lote.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu anayeshikilia rehani kuiuza mdaiwa akishindwa kulipa, baada ya kumpa notisi ya kutosha. Kwa hiyo dai vitu vitatu: mkataba wa mkopo unaoitaja saa kwa namba yake, nakala ya kitambulisho cha NIDA cha aliyeiweka, na ushahidi wa notisi. Kama mkataba umeandika "saa moja ya chuma" bila namba, hauna kazi kwako.

Hata hivyo, aliyeweka bondi kama hakuwa mwenye saa, mkopeshaji hakupata haki yoyote, nawe hutaipata kwake. Mwenyewe akijitokeza anachukua saa na wewe unabaki kumdai muuzaji. Hiyo ni upande wa madai. Upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi. Bei ya nusu, kadi isiyolingana, karatasi hakuna: hizo ndizo sababu atakazosomewa mtu mahakamani. Na baada ya uzi huu huwezi kusema hukuambiwa.

Mwambao_88
Lakini rejista ikionyesha ni safi si yatosha? Bei hii sitaipata tena, na laki tano zangu ziko kule.

Lenzi_Kumi
Haitoshi. Rejista inajua kilichoripotiwa tu. Aliyeibiwa kama hakuwa ameandika namba yake mahali, saa haimo humo. Kama aliripoti kwa kuchelewa, leo ni safi na mwezi ujao si safi. Na ukiipeleka kwa wakala wa kampuni kufanyiwa service, namba itasomwa, na ikiwa imeripotiwa inaweza kuzuiwa palepale. Jibu la "imeibwa" linatosha kukufukuza. Jibu la "haimo" linatosha tu pale karatasi nyingine zote zinapokubaliana, na zako hazikubaliani.

Bi_Tausi
Laki tano isikuvute kuongeza milioni nne, baba.

Mwambao_88
Nimempigia sasa hivi. Nikamwomba mkataba wa bondi na tukutane kwa fundi Posta atoe mkanda. Amesema mkataba ulikuwa wa mdomo, na mkanda hautolewi mpaka nimalizie hela.

Wakili_Pembeni
Basi acha kupiga simu, andika ujumbe ubaki na maandishi. Taja tarehe uliyolipa, kiasi, namba ya muamala, na kwamba unasitisha kwa sababu namba ya kadi hailingani na ya saa na hakuna hati ya rehani. Mpe siku saba arudishe. Usitaje polisi wala usimtishie, eleza sababu tu. Hela ulimtumia kwa simu au taslimu?

Mwambao_88
Kwa simu. Jina lililotokea ni la mtu mwingine, alisema ni mdogo wake.

Wakili_Pembeni
Piga picha ya muamala huo leo kabla hujafuta meseji, na kwenye ujumbe andika majina yote mawili.