Mululuza na homa: panya wa maji matupu nao wanashuka joto

Jani_Chungu, Mbarara
Wadau, habarini. Tunapima kama maji ya majani ya mululuza, yaani Vernonia amygdalina, yanashusha homa kwa panya wa maabara. Homa tunaiamsha kwa hamira, kisha tunapima joto kila saa kwa saa nne. Shida ni kwamba panya waliopewa maji matupu nao wanashuka, karibu sawa na wale wa dawa. Tumekosea wapi?

Panya_Mweupe
Ndugu, mwangalie panya kwanza kabla hujailaumu dawa. Panya asiyezoea kushikwa hupanda joto kwa woga, na akituliza moyo linashuka lenyewe. Mzoesheni mkono na kipimajoto siku kadhaa kabla. Ncha ipakwe mafuta na iingie njia ya haja kubwa sentimita 3 kila mara, si leo 2 kesho 4.

Hamira ndiyo huharibu wengi. Gramu 20 katika mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, halafu mililita 10 kwa kilo chini ya ngozi ya mgongo. Panya wa gramu 200 anapata mililita 2. Inatuama upesi. Usipotikisa chupa kabla ya kila kuvuta, mmoja anapata uji mzito na mwenzake maji meupe, na sindano nyembamba inaziba katikati. Baada ya saa 18 pimeni tena, mbakize waliopanda angalau nyuzi 0.5, na hapo ndipo mgawe makundi kwa kura. Mligawa lini?

Jani_Chungu, Mbarara
Kabla ya hamira. Na hatukumwondoa yeyote.

Panya_Mweupe
Basi mmechanganya wenye homa na wasio nayo. Rudieni, panya 6 kila kundi, na mwanze saa ileile kila siku, maana joto la panya hupanda usiku.

Mfamasia_KLA
Mimi nasisitiza kundi la parasetamoli, miligramu 150 kwa kilo. Isiposhusha, msisome hata namba moja ya mululuza. Wekeni pia panya wasio na homa wanaokunywa mululuza: wakipoa nao, huenda dawa inawadhuru tu.

Dozi isihesabiwe kwa kikombe. Kausheni majani kivulini, chemsheni gramu 100 za unga kwa lita moja, chujeni, mkaushe hadi ubaki unga mkavu, ndio mpimao: miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Ukitumia maji ya majani yanayotengenezwa upya kila siku, nguvu yake inabadilika. Tawi lenye maua lipelekwe hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere lithibitishwe jina.

Na kwenye ripoti tafadhali msiandike "inatibu malaria". Hamira haina vimelea vya malaria. Mgonjwa anaweza kupoa mwili na vimelea vikaendelea kuzaana kwenye damu, akachelewa kwenda kupimwa.