Tupeane uzoefu: kituo chako cha kwendea mjini, tangu reli ya Bububu mpaka leo

Mtoto wa Bububu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Juzi mwanangu karudi skuli ananiuliza, "Baba, eti Unguja kulikuwa na treni?" Mwalimu kawaambia, yeye kaona wanadanganywa. Nikamwambia kwamba bibi yangu mimi kaipanda, tena si mara moja.

Kwa wasiojua: kituo cha mjini kilikuwa pale Ngome Kongwe, ambapo leo watu wanakwenda kutazama ngoma na filamu. Treni ikitoka hapo inapita Forodhani, inajipenyeza Malindi, halafu inafuata pwani: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, hadi kwetu Bububu. Maili saba, kama kilomita 11. Iliyojenga ni kampuni ya Kimarekani, na mwaka 1905 gari likaanza kwenda. Safari tano kwa siku, siku nyengine saba. Niambieni leo ni njia gani ya shamba yenye gari za uhakika namna hiyo!

Bibi alikuwa mtoto, akifuatana na mama yake kwenda kuuza mashelisheli. Soko la Darajani nalo lilikuwa bado jipya, la 1904. Alichokuwa akikisimulia zaidi si mwendo wala honi, ni cheche. Bomba la moshi lilikuwa likitema cheche nyuma, na abiria ndio wanaozipokea. Basi mama yake alikuwa na kanga za treni. Zimejaa vitundu vidogo vidogo kama chujio la tui. Anajifunika hizo njia nzima, wakishuka Ngomeni anazikunja, anazitia chini ya kikapu, anatoa doti ya mjini. Jioni anabadilisha tena. Bibi alikuwa akisema Malindi watu wakisikia honi tu, wanatoka mbio kuanua nguo zao kambani.

Abiria waliachwa kubebwa 1922, motokaa zilishaanza kushika barabara. Treni ikabaki kubeba mawe mpaka 1928, kisha ndiyo ikawa mwisho wake.

Mimi usafiri wangu ni 502, daladala ya Bububu, nimeanza kuipanda sijajua kusoma hiyo namba. Haya, nyie kituo chenu kipi, na kimekufanyeni nini?

Mnazi Mrefu

Na jina Bububu si ndiyo hiyo treni? Bu-bu-bu-bu. Ndivyo tulivyofunzwa siye.

Mtoto wa Bububu

Ah wapi, yakhe! Jina lipo kwenye ramani za kabla ya treni. Wazee wetu wanasema ni mlio wa maji ya chemchemi, yale yale Sayyid Barghash, sultani wetu wa zamani, aliyoyatia mabomba yakaja mjini. Treni imekuta jina, ikajifanya la kwake.

Chukwani Juu

Mkimtaja Barghash msiishie kwenye mabomba. Yeye alikuwa na reli yake 1879, kutoka kasri ya mjini mpaka kasri ya Chukwani. Mwanzo mabehewa yakikokotwa na nyumbu, baadaye ndiyo ikaletwa injini kutoka Uingereza. Hiyo ni kabla reli ya Tanga haijaanza kujengwa, 1893, na kabla ya ile ya Mombasa, 1896. Lakini ile ilikuwa ya Seyyid na watu wake, si ya wauza mashelisheli. Alipofariki 1888 ikang'olewa. Kwa hiyo siye watu wa Chukwani tumekaa na reli na hatukuipanda. Hayo ndiyo malalamiko yangu, hamna pa kuyapeleka.

Bi Kibweni

Mimi kituo changu Darajani, miaka ya tisini, nimevaa sare ya skuli na mkoba wa kitambaa. Kila mwenye umri wangu anajua ninachotaka kusema. Mwanafunzi analipa nusu, basi konda akikuona anageuza uso kama humdai salamu. "Wanafunzi wawili tu! Wawili!" Na hapo tupo kumi na tano.

Tukabuni. Mmoja wetu alikuwa mrefu, ana umbo la mtu mzima. Anavaa buibui la mama yake juu ya sare, anakaa mbele kabisa ya foleni (foleni gani, lile kundi) na kikapu. Anapanda nyuma, anakaa kwenye benchi karibu na mlango, anashika. Gari ikitaka kuondoka anatuita, "Njooni wanangu!" Tunaingia wanne. Konda atafanya nini, atamshusha mama na wanawe?

Siku ya siku tumefika Mtoni, upepo ukampeperusha buibui mbele ya watu wote. Sare nyeupe hiyoo, na beji. Konda alicheka mpaka akakaa chini. Nauli hakutusamehe, alitutoza nzima. Tangu siku hiyo akituona ananadi, "Mama na wanawe waje!" Akatuchukua mpaka tunamaliza skuli. Namwombea dua hadi leo.

Mpemba Asiyelala

Kwetu Pemba reli haijafika, si ya Seyyid wala ya Mmarekani. Mimi wangu 606, Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani, vilima na mabonde, ukifika unajua umesafiri. Kukaa kituoni Chake ndiko kulikonifunza subira: gari haijai. Dereva anakwambia "tunakwenda sasa hivi", na utingo kakaa juu anakula muhogo.

Treni nimeipanda Dar, ile waliyoiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza 2012. Nilikuwa nakaa Tabata kwa kaka yangu, nakwendea kazini Stesheni. Siku ya kwanza imefika Tabata Relini, watu wanapanda, mimi nimesimama pembeni kwa adabu nasubiri ijae ndipo niingie. Ikaondoka! Nusu haijajaa! Kaka alinicheka wiki nzima.

Msafiri wa Boti

Mpemba wewe angalau ulikuwa na nyengine jioni. Mimi nilikata tiketi ya treni ya umeme ya kwenda Dodoma, nina usaili asubuhi yake. Nikapiga hesabu za kibandarini: boti saa moja asubuhi, saa tatu nipo Dar, Stesheni ni kutembea tu. Boti ikachelewa kuondoka, bahari nayo siku hiyo ilikuwa na lake. Nimefika pale kwenye jengo kubwa la vioo, nimelowa jasho, sanduku kichwani. Askari akatazama tiketi, akatazama saa, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, hiyo imeshaondoka dakika nne." Dakika nne jamani! Kwetu dakika nne konda bado anatafuta chenji.

Nikaenda kwa basi usiku kucha. Usaili nilifika. Kazi sikuipata, lakini hilo si la treni.

Bi Kibweni

Pole ami. Sasa nawe ulipigaje hesabu bila ya kutia bahari ndani yake?

Kisima cha Nyuma

Nimesoma yote kimya kimya, nami nina langu dogo. Kwetu ni Bububu pia, ndani ndani, njia ya kushukia pwani. Nyuma ya nyumba kuna kisima, na juu ya mdomo wa kisima limelazwa chuma kirefu kizito, tangu enzi za babu. Ndilo tulilokuwa tukipitishia kamba ya ndoo. Siku zote tukiliita "mti". Lete mti, kaa mbali na mti. Hadi alipokuja fundi wa kuchomea mwaka jana kutengeneza geti, akaliona, akauliza, "Hili pande la reli mmelipata wapi?" Nikatazama vizuri ndiyo nikaona umbo lake, juu pana, katikati jembamba. Na pale kati, kamba imelila mpaka pameingia kishimo, kidole chako kinakaa.

Mtoto wa Bububu

Usiliuze! Jumaapili baada ya laasiri nakuja na mwanangu, upande gani wa msikiti?

Kisima cha Nyuma

Kushoto kwake, ukishuka. Uliza nyumba yenye geti jipya. Fundi alilitaka alichukue kwa kufidia fedha zake, mama akamwambia ndoo ataipitishia wapi.