C57BL/6 wanakufa kwa ektromelia: ni jeni au kuna kingine?

kipimo_cha_plaki
Habari wakuu. Tunadunga panya wa maabara virusi vya ektromelia (ndui ya panya) aina ya Moscow, PFU 3000 (chembe za virusi zenye uwezo wa kuambukiza) ndani ya mikrolita 30, unyayoni. BALB/c, ukoo wa panya weupe, wanakufa kati ya siku ya 7 na ya 12, kama inavyotarajiwa. C57BL/6, ukoo wa panya weusi wanaojulikana kuhimili, wa kundi la kwanza, wa wiki 8, walivimba unyayo tu. Kundi la pili, virusi vya akiba ileile, karibu nusu wamekufa, na ini limejaa madoa meupe. Kundi hili lina umri mchanganyiko, wamo na majike waliostaafu kuzaa. Je, ukoo wetu umechafuka kijenetiki?

Seli_NK
Mkuu, kagua umri kabla ya jeni. Unyayoni, virusi huzaana vizuri kwa panya mweusi sawa na kwa mweupe. Kinachoamua ni tezi ya limfu iliyo nyuma ya goti. Kwa C57BL/6 kijana, seli za NK (seli za kinga ziitwazo wauaji asilia) zilizokomaa hutoka kwenye damu, zikajaa kwenye tezi hiyo siku za mwanzo kabisa na kuua seli zilizoambukizwa. Ini na bandama hufikiwa na virusi vichache, kisha seli T za CD8, nazo za kinga, humalizia kwa perforini, protini inayotoboa seli zilizoambukizwa. Panya mzee ana seli chache za NK zilizokomaa, na haziendi kwenye tezi ipasavyo. Atakufa kama BALB/c japo jeni zake ni safi. Panga vifo kwa tarehe za kuzaliwa. Vijana wakiwa wamepona wote, acha kutafuta mchawi.

fundi_sindano
Naongezea njia na dozi. C57BL/6 anayehimili hata PFU milioni moja unyayoni hufa kwa dozi ndogo ikipitia puani. Kwa hiyo "anahimili" bila kutaja njia ni neno tupu.

Halafu "akiba ileile" haina maana dozi ileile. Virusi hivi hushikana mabonge. Yeyusha kichupa kimoja, kitikise kwa mawimbi ya sauti kikiwa kwenye maji ya barafu, punguza ukali, dunga. Kilichobaki kipime siku hiyohiyo juu ya seli za BS-C-1 (seli za figo ya nyani). Usikigandishe tena.

kipimo_cha_plaki
Asanteni. Tarehe za kuzaliwa zipo, nitazipanga. Nikitaka bado kuhakikisha ukoo, nianzie wapi? Na je, kingamwili PK136 itaondoa seli za NK kwa BALB/c ili niwalinganishe?

kromosomu6
Swali la pili kwanza: hapana. PK136 inashika NK1.1, alama iliyo juu ya seli za NK za C57BL/6, wala haishiki seli za BALB/c wala za ukoo wa DBA/2. Kwa BALB/c tumia kingamwili ya asialo-GM1, ukijua kwamba inagusa pia baadhi ya seli nyingine.

Tabia hiyo ndiyo kipimo cha haraka cha ukoo: damu kidogo ya mkia, PK136, saitometria (kuhesabu seli kwa leza). Asiye na NK1.1 kabisa si C57BL/6. Ila chotara wa kizazi cha kwanza bado ataonyesha NK1.1, kwa hiyo matokeo mazuri hayatoshi. Peleka DNA ikasomwe alama za kromosomu zote.

Sehemu za kutazama kwa makini, zinazohusika na uhimilivu wa ektromelia, ni Rmp1 (kromosomu 6, penye jeni za vipokezi vya NK), Rmp2 (kromosomu 2, jirani na jeni ya C5, protini ya kinga iliyo kwenye damu), Rmp3 (kromosomu 17, pamoja na H-2, jeni za utambulisho wa kinga) na Rmp4 (kromosomu 1). Usiibebeshe C5 mzigo wote: panya wa ukoo wa AKR hana C5 na bado anahimili. Mimi naipa uzito Rmp1. C57BL/6 aliyerithishwa kipande hicho kutoka DBA/2 hupoteza uhimilivu, na kipokezi CD94 cha seli za NK, ambacho DBA/2J hana, ni cha lazima kwa C57BL/6 kupona.

Seli_NK
Kwa wanaofuatilia mpox ya Kongo: msihamishe orodha hii ya koo zinazohimili kama ilivyo. Kwa virusi vya mpox, BALB/c naye anahimili. Katika uchunguzi wa koo 38 za panya, waliodhurika sana walikuwa CAST/EiJ, MOLF/EiJ na PERA/EiJ, ambao asili yao ni panya wa porini. CAST/EiJ ana seli chache za NK, na intaferoni gama yake (protini inayopambana na virusi) huja kidogo na kwa kuchelewa.

fundi_sindano
Na vizimba, mkuu: C57BL/6 asiyeonyesha dalili bado anaweza kumwambukiza BALB/c. Watenganishe, na matandiko yachomwe au yapite otoklevu kabla ya kutoka chumbani.