Mafunzo ya wahadhiri kuhusu afya ya akili ya wanafunzi: tufundishe nini na tuache nini?

Mratibu_Iyumbu:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaratibu masuala ya ufundishaji katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, na nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa wahadhiri na wahadhiri wasaidizi kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa, ili waweze kuwasaidia wanafunzi wanaoelemewa na msongo wa mawazo. Rasimu niliyoletewa na kamati imejaa majina ya magonjwa, yaani sonona, wasiwasi uliopitiliza, skizofrenia na uraibu, kila moja na dalili zake. Nimejiuliza mhadhiri wa takwimu au wa uhandisi ataifanyia nini orodha hiyo siku mwanafunzi atakapobaki nyuma baada ya kipindi huku machozi yakimlengalenga.

Wapo wenzetu wanaosema waziwazi kwamba kazi yao ni kufundisha na kusahihisha mitihani, na kwamba mambo mengine yana ofisi yake kwa Mshauri wa Wanafunzi. Siwalaumu, maana anayefundisha darasa la wanafunzi 400 hawezi kumjua kila mmoja kwa jina. Hata hivyo, kijana aliyetoka Kigoma au Mtwara na kupanga chumba Ng'ong'ona hana mzazi wala shangazi wa kumwona kila wiki, na mara nyingi mtu mzima pekee anayemwona kwa ratiba ni mwalimu wake. Naomba ushauri wenu kuhusu yaliyomo katika mafunzo hayo, na kuhusu mahali ambapo wajibu wa mhadhiri unapaswa kuishia.

Muuguzi_AreaC:

Mratibu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa mjini, na ningekuomba hiyo orodha ya magonjwa uiweke kando. Kuutambua ugonjwa ni kazi yetu, na hata sisi hatuifanyi kwa kumtazama mtu mara moja. Wapo pia wanaopendekeza wahadhiri wapewe dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, lenye maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita, kwa sababu ni fupi na lipo kwa Kiswahili. Silikubali pendekezo hilo, kwa kuwa mhadhiri akishapata majibu hana tiba ya kutoa, na mwanafunzi atakuwa amejieleza kwa mtu asiyeweza kuendelea naye.

Kinachomfaa mhadhiri ni mambo matatu yaliyomo katika mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake mwaka 2011: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Uliandikwa kwa ajili ya watu waliokumbwa na majanga, lakini mpangilio wake unafaa kabisa chuoni. Katika kutazama, mwalimu aangalie mabadiliko: aliyekuwa akiwasilisha kazi kwa wakati sasa haleti, aliyekuwa akichangia kwenye semina sasa anakaa kimya nyuma, na hali hiyo inaendelea kwa zaidi ya wiki mbili. Kusikiliza ni kugumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu sisi watu wazima tuna haraka ya kusema "jikaze" au "mwachie Mungu". Sala inawasaidia wengi na si ya kudharauliwa, ila isitumike kumnyamazisha mtu ambaye hajamaliza kusema. Kuunganisha nako si kumtajia jina la ofisi tu. Mwalimu ampigie simu mshauri huku mwanafunzi akiwapo, ikiwezekana amsindikize hadi mlangoni, na baada ya siku chache amuulize kama alihudumiwa.

Sehemu ndefu zaidi ya siku zako mbili itumike kwenye swali la kujiua. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo hilo, ilhali tafiti hazionyeshi hivyo, na mara nyingi aliyeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye amepata pa kusemea. Washiriki wakae wawili wawili na walitamke kwa sauti: "Naona umeelemewa sana siku hizi. Je, kuna wakati unawaza kujiua?" Wasipolitamka mafunzoni, hawatalitamka ofisini. Jibu likiwa ndiyo, mwanafunzi asiachwe peke yake, asiahidiwe kwamba itabaki siri ya watu wawili, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Mtakutana pia na hofu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifungu hicho kinawafanya watu wafiche maumivu yao, lakini kuwaza na kumweleza mtu unachowaza si kosa. Waelezeni wahadhiri tofauti hiyo bila kuzunguka.

Jambo la mwisho ni la hapa kwetu. Tuna bahati ya kuwa na Hospitali ya Mirembe jirani, hospitali ya magonjwa ya akili yenye wataalamu ambao mikoa mingine inawatamani, lakini jina lake limegeuzwa kuwa tusi nchi nzima. Mhadhiri akianza na neno "nenda Mirembe", kijana anaweza asirudi tena. Aanze na zahanati ya chuo, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na rufaa itakayofuata aieleze daktari.

Mhadhiri_Mlimwa:

Ninaunga mkono aliyoyasema Dada Muuguzi, nami naongeza upande wa ufundishaji wenyewe, kwa sababu si haki kumfundisha mwalimu kusikiliza maumivu ambayo baadhi yake anayaleta mwenyewe. Alama za majaribio zinaporudishwa siku chache kabla ya mtihani wa mwisho, mwanafunzi hana tena nafasi ya kujirekebisha. Mhadhiri anapoingia siku ya kwanza na kutangaza kwamba nusu ya darasa watadisko, yaani wataondolewa masomoni kwa kufeli, hamwongezei mtu bidii. Fedha za Bodi ya Mikopo zinapochelewa, wapo wanaokuja kipindi cha saa moja asubuhi bila kula, na kuwaongezea siku tatu za kuwasilisha kazi hakumgharimu mwalimu chochote.

Kuhusu muda, ningezigawa siku mbili zako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa katika vyuo 32 vya Marekani, ulionyesha kwamba waliopewa mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili walijiona wana ujuzi zaidi, lakini idadi ya wanafunzi waliokwenda kutafuta huduma haikubadilika. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutoishia kwenye warsha na cheti. Fanyeni siku moja mwanzoni, kisha vikao vifupi vya idara katikati ya muhula, hasa wiki za kuelekea mitihani, ambapo watu wataleta hali halisi walizokutana nazo bila kutaja majina. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo habari za mwanafunzi zisijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kwa nia njema.

Binti_MwakaWaTatu:

Shikamooni walimu wangu. Naomba niseme kwa niaba yetu sisi mabinti. Mnatuambia tuje ofisini tueleze yanayotusibu, na wengi wenu mnasema hivyo kwa moyo safi, lakini rushwa ya ngono vyuoni ipo, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaihesabu rushwa hiyo kuwa kosa. Mwanafunzi aliyeelemewa ni rahisi kutumiwa vibaya. Kwa hiyo mafunzo yawafundishe wahadhiri kuzungumza nasi mlango ukiwa wazi au kwenye benchi linaloonekana, wasiombe namba zetu binafsi kwa kisingizio cha kutujulia hali, na watuambie mapema kwamba tunaweza kwenda kwa mhadhiri wa kike tukitaka.

Pia tunahofia alama. Mwalimu akitamka mbele ya darasa kwamba tutakayomweleza hayataingia kwenye usahihishaji, wapo watakaothubutu.

Mratibu_Iyumbu:

Marahaba, binti. Suala la mlango na la mhadhiri wa kike halikuwamo kabisa katika rasimu, na sasa litakuwa la kwanza asubuhi ya siku ya kwanza, likiwasilishwa pamoja na Mshauri wa Wanafunzi na afisa wa dawati la jinsia. Siku ya pili naivunja iwe vikao vya idara, viwili kwa muhula. Dada Muuguzi, kama unayo mifano ya mazungumzo ya kufanyia mazoezi wawili wawili, naomba unitumie kwa ujumbe wa faragha, hasa ya mwanafunzi anayejibu kila swali kwa "niko sawa tu, mwalimu", kwa kuwa huyo ndiye tunayekutana naye zaidi.