Nataka kusoma imeili kwenye terminali: Mutt, NeoMutt, Alpine au aerc? Nimekwama

Mjukuu wa Pwani
Wakuu, heshima kwenu. Nina laptopu ya zamani, RAM GB 2, nimefuta Windows nikaweka Debian, mfumo wa Linux. Mengine yanakwenda ila imeili ndiyo inanimaliza. Nikifungua kwenye brauza mashine inaganda, feni inapiga kelele, bando linakata kabla sijafika barua ya tatu. Nasikia kuna programu za kusomea barua humohumo kwenye terminali, maandishi matupu. Niende na ipi? Mimi siyo mtu wa kompyuta, msinipeleke mbio. Na nina haraka, mwisho wa mwezi huo unakuja.

kamanda_wa_bando
Navuta kiti. Kwani mkuu simu huna?

Daktari wa Linux
Mutt, mjadala umefungwa. Ipo tangu 1995, na aliyeitengeneza, Michael Elkins, hakumdanganya mtu: alisema programu zote za barua ni mbovu, yake ina afadhali kidogo. NeoMutt ni tawi lake lililochipuka 2016, ukizoea moja umezoea nyingine. Faili langu la mipangilio, muttrc, limedumu kuliko ndoa yangu ya kwanza.

kamanda_wa_bando
Pole Daktari. Alikukuta unabadilisha rangi za menyu saa nane usiku?

Daktari wa Linux
Saa tisa.

fundi_seva
Mjukuu, imeili yenyewe ni ya wapi? Gmail, ya chuo, ya kazini? Jibu liko hapo, siyo kwenye jina la programu.

Mjukuu wa Pwani
Gmail tu mkuu. Kusema kweli NeoMutt nimeshaiweka, nimenakili mipangilio ya jamaa mmoja mtandaoni, nikajaza nenosiri langu, barua zikaanza kuingia. Tatizo ni barua zenye viambatisho, nikifungua moja nasubiri mpaka nasinzia. Ndiyo maana nauliza kama nibaki hapohapo au nihame. Ila kuhama sitaki sana, nimeshazoea vitufe.

BiMkubwa
Wanangu mmenikumbusha mbali. Sisi chuoni, miaka ya tisini mwishoni, tulisoma barua kwa Pine, ile iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Kompyuta moja, foleni mpaka koridoni, na nyuma yako kuna mtu anasoma barua ya mchumba wako kwa sauti. Siku hizi mrithi wake anaitwa Alpine. Amri zote zimeandikwa chini ya skrini, huhitaji kukariri. Mtoto mpeni Alpine, acheni kujionesha.

fundi_seva
Bi Mkubwa yuko sahihi, tena kwa sababu ambayo hakuitaja. Mutt na NeoMutt ukifungua barua kwa IMAP, yaani njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva, zinaivuta nzima, viambatisho ndani yake. Alpine inavuta maandishi kwanza, kiambatisho mpaka ukiombe. Kwa mtu wa bando hiyo ni tofauti kubwa. Ukibaki NeoMutt, washa header_cache, angalau isivute vichwa vya barua zilezile kila ukifungua folda. Aerc nayo ni nzuri, ina vichupo kama brauza. Na hilo nenosiri usiliache wazi kwenye faili, liweke kwenye pass, programu ya kutunza manenosiri, au lifunge kwa GPG, programu ya kufunga mafaili kwa siri.

Sasa nijibu: viambatisho gani hivyo vya kila siku? Na mwisho wa mwezi unahusiana nini na Gmail yako?

Mjukuu wa Pwani
Ni mafaili tu ya kawaida.

fundi_seva
Ya kawaida yapi?

Mjukuu wa Pwani
Haya basi. Ni ya kazini. Niko upande wa mishahara, naletewa majedwali ya Excel na barua za mikopo ya wafanyakazi. Imeili ya ofisi iko Microsoft, na NeoMutt iligoma kuingia. IT wakasema hawaruhusu. Nikaweka kanuni kila barua ya ofisini ijitume yenyewe kwenye Gmail yangu. Sioni ubaya, barua zinakuja kwangu kwa jina langu, nami nafanyia kazi nyumbani bila kulipwa hata senti ya ziada.

BiMkubwa
Mwanangu! Mishahara ya watu!

Kanzu Nyeupe
Ndiyo vijana wa leo, amana hawaijui. Mtu kakuamini na siri ya tumbo lake, wewe unaimwaga kwenye akaunti yako binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Siku barua zikivuja usije kutuomba ushauri wa mawakili humu.

Mjukuu wa Pwani
Mzee wangu shikamoo, lakini mimi niliuliza programu.

fundi_seva
Iliyogoma siyo NeoMutt. Microsoft walianza kufunga kuingia kwa nenosiri pekee kwenye IMAP na nduguye POP tarehe 1 Oktoba 2022, sasa ni OAuth2, programu inaingia kwa kibali badala ya nenosiri. Alpine inaiweza, na Mutt inakuja na skripti ya kazi hiyo iitwayo mutt_oauth2.py. Ila akaunti ya kazini mara nyingi lazima msimamizi aikubali programu kwanza. Zima hiyo kanuni leo, kisha waandikie IT rasmi, uwatajie OAuth2. Pengine walikataa njia ya zamani tu.

Mjukuu wa Pwani
Nikizima kabla ya mishahara kutoka nitafanyia kazi wapi? Acha huu mwezi upite.

Ngosha wa Mjini
Samahani, mbona chai hii imezidi sukari? Kasema kajaza nenosiri lake la Gmail na barua zikaingia. Google walifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi tangu 30 Mei 2022. Na huyu "siyo mtu wa kompyuta" kafuta Windows, kaweka Debian, kaunganisha IMAP. Mtu wa mishahara gani huyo? Huyu ni IT wa ofisi fulani anapima upepo.

kamanda_wa_bando
Nilikuwa nimeshamhurumia. Leteni vitafunwa.

Mjukuu wa Pwani
Nilitumia nenosiri la programu, lile la herufi 16 wanalotoa Google. Sikuona haja ya kueleza kila kitu. Debian niliwekewa na shemeji.

Ngosha wa Mjini
Na mipangilio ya NeoMutt pia ni shemeji?

Daktari wa Linux
Shemeji mwenyewe aje, tuongee na mtu anayeelewa.

Kanzu Nyeupe
Iwe kweli au uongo, sheria niliyotaja ni ya kweli.

Ngosha wa Mjini
Yupo mtandaoni muda wote huu, hajibu.

kamanda_wa_bando
Muacheni, anatafuta shemeji wa kukodi. Mimi lakini nimeiweka Alpine, tena imekubali. Nikibonyeza D barua inaandikwa imefutwa ila bado ipo palepale. Kulikoni?

BiMkubwa
D inaweka alama tu, mwanangu. Bonyeza X, itakuuliza, ujibu Y.

kamanda_wa_bando
Imefuta mia nne. Asante Bi Mkubwa. Sasa zinarudije?