Mtoto wa mwaka na miezi miwili kafunga mdomo, uji hataki, choo laini hakiishi. Nianzie wapi?

Mama_wa_Mabatini
Habari za jioni wadau, hasa mama wenzangu mlioko huku Mwanza. Ni uzazi wangu wa kwanza, mtoto wa kike, mwaka na miezi miwili. Kilo zake kwenye kadi: miezi 10 alikuwa na 8.1, miezi 12 akawa 8.4, juzi kapimwa ni 8.4 ileile. Ananyonya bado.

Asubuhi anapewa uji wa unga wa lishe (mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja mashineni). Mchana dada anampa uji uleule kutoka kwenye chupa ya chai, maana natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja. Usiku ni ugali na mchuzi wa samaki, siku nyingine chai na mkate. Hii ni wiki ya tatu uji anautema. Tunaujaza maji ili upite kirahisi, wapi. Choo kinakuja na kuondoka: siku mbili anaharisha mara nne tano, siku nne yuko sawa, halafu kinaanza tena. Hana homa, choo hakina damu, anacheza. Maji ni ya bomba kwa mgao, tunahifadhi kwenye simtanki na ndoo.

Mama mkwe anasema mtoto kabemendwa (eti maziwa yameharibika kwa kuwa wazazi tumekutana), nimwachishe ziwa. Jirani anasema ni meno ya nailoni (viuvimbe vyeupe kwenye fizi), na ameshanitajia mtu wa kuyang'oa. Naombeni ushauri wa kitaalamu kabla sijafanya chochote.

Nesi_RCH
Shikamoo nyingi kwa mama mkwe, lakini ziwa usiliachishe. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa sababu wazazi wamekutana, na kunyonyesha kunashauriwa mpaka miaka miwili na kuendelea. Kinachoitwa kubemenda mara nyingi ni mtoto aliyepungukiwa chakula au anayeharisha mfululizo. Ukimwachisha sasa, unamnyang'anya chakula pekee ambacho hakitengenezwi kwa maji ya ndoo.

Kilo: 8.4 kwa binti wa umri huo siyo utapiamlo. Wastani ni kama 9.4, naye bado yuko ndani ya eneo la kijani la kadi. Tatizo ni mstari umelala. Mwaka wa pili mtoto hupunguza kasi kweli, anaongeza kama gramu 200 tu kwa mwezi, kwa hiyo hamu ya kula kushuka kidogo ni kawaida. Miezi miwili bila kuongeza hata gramu siyo kawaida. Kliniki waombe wampime mkono kwa utepe: zaidi ya sm 12.5 yuko salama, kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji kufuatiliwa, chini ya 11.5 ni matibabu siku hiyo hiyo. Uliza pia kama kapata matone ya vitamini A (kila miezi 6) na dawa ya minyoo, ambayo huanza akifika mwaka mmoja. Umri wake ni albendazole mg 200, yaani nusu ya kidonge cha 400, kisagwe na kuchanganywa na maji, asipewe kizima.

Kuharisha: mara tatu au zaidi kwa saa 24, choo cha maji, mpe ORS na zinki, vyote viwili. Pakiti nyingi za ORS ni za lita moja, lakini zipo ndogo, soma kabla hujafungua. Wanaochanganya pakiti ya lita kwenye kikombe "iwe na nguvu" wanampa mtoto chumvi ya kumdhuru. Baada ya kila choo mpe ml 50 hadi 100. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ni mg 20 mara moja kwa siku, siku 10 kamili. Akipona siku ya tatu usikatishe, kwa sababu siku zilizobaki ndizo zinazozuia mzunguko wa "inakuja na kuondoka" kama wake.

Na tafadhali usinunue Flagyl ya maji duka la dawa bila kipimo cha choo. Kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi, dawa hiyo haivigusi, na uchungu wake unaua hamu ya kula iliyobaki.

Usisubiri mjadala huu kama: choo kina damu, anatapika kila kitu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, hajakojoa kwa saa sita, analegea, au ana homa. Homa huku kwetu kanda ya ziwa ni kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wao ndio watakaokuandikia rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando ikibidi. Na kuharisha kukifika siku 14 mfululizo ni suala la hospitali hata kama anacheza.

Jirani_Mwema
Mnapinga meno ya nailoni lakini watoto wakishang'olewa wanapona. Mbona?

Nesi_RCH
@Jirani_Mwema Kwa sababu kuharisha kwingi kwa mtoto huisha kwenyewe ndani ya siku tano hadi saba, na watu humpeleka siku ya nne. Angepona tu. Kile kiuvimbe cheupe ni fizi juu ya jino la chonge linalojiandaa kutoka. Anayekichokonoa kwa spoku au kiwembe anachimbua kichipukizi cha jino, na la utu uzima lililo chini yake laweza kuharibika pia. Juu ya hapo kuna pepopunda, VVU na kuvuja damu, kwa mtoto ambaye tayari kapungukiwa maji. Kukata kimeo hoja ni hiyo hiyo.

Lishe_Kanda
Nije kwenye huo uji, maana nadhani mtoto ana haki ya kuutema. Onja unga wako mkavu, kisha onja uji. Karanga zikishasagwa mafuta yake huanza kuchacha ndani ya wiki chache, hasa kwenye joto. Dagaa ndani ya unga nayo inanuka na kuchukua unyevu. Soya, kama haikuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, ina vitu vinavyozuia protini kumeng'enywa na inaleta gesi na choo laini. Na vitu saba haviivi kwa muda mmoja: mchele umeiva, mahindi bado. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu. Punje chache za karanga au mahindi yaliyoota ukungu zikishasagwa huzioni tena, na kuchemsha hakuiondoi. Huo unga acha. Tumia nafaka moja, dona au ulezi, vingine viingie wakati wa kupika.

Kosa la pili ni kuujaza maji. Tumbo la mtoto hubeba takriban ml 30 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 8.4 anajaa kwa kikombe kimoja cha robo lita. Ukimjaza kikombe hicho uji wa kunyweka, ameshiba maji. Uji wa umri wake unakaa kwenye kijiko ukikiinamisha.

Kwa kikombe kimoja: unga vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa, uukoroge na maji baridi kwanza, kisha nusu maji nusu maziwa, uchemke dakika 15 kwa moto mdogo. Ukikaribia kuepua tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini (ulizochagua mwenyewe, zilizokunjamana na nyeusi zitupe) na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Dagaa usitie humu. Watu wameaminishwa kila kitu kiingie kwenye uji, matokeo yake mtoto anapewa uji mtamu wenye harufu ya mwalo. Dagaa ni mboga.

Ukiwa mzito sana kwake, usiongeze maji, tumia kimea. Ulezi loweka usiku mmoja, funga kwenye kitambaa kibichi siku mbili mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Usichukue kimea cha mtama cha wapika pombe bila kujua kilivyotengenezwa, vichipukizi vya mtama vina sumu jamii ya ile ya mihogo michungu. Uji ukiiva epua, usubiri mpaka uweze kuuonja bila kuungua, tia kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, koroga. Utaona unalegea ndani ya dakika chache bila kupoteza unga. Ukitia ukiwa unachemka, kazi ya kimea inakufa na uji haulegei. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke dakika mbili, kwa sababu kimea chenyewe kina vijidudu.

Lakini jambo kubwa: mwaka na miezi miwili siyo umri wa uji mara mbili. Anatakiwa milo mitatu hadi minne na vitafunwa mara moja au mbili, kila mlo robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, chakula cha familia kilichopondwa kidogo. Msukuma ana michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa). Iloweke, ichemshe na karanga mpaka ilainike, iponde, watoto wengi hawaikatai. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, maharage yaliyopitishwa kwenye chujio, yai, mchicha uliokatwa mno, parachichi. Ziwa liwe baada ya mlo. Chai ya usiku iondoe kabisa: inazuia madini ya chuma na inajaza tumbo. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku kwa sababu hiyo hiyo ya madini ya chuma.

Muulize dada, kwa upole, kama anamlaza na kumziba pua ili ameze. Mtoto aliyelishwa hivyo hufunga mdomo akiona kikombe tu, na uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Akae wima, ashike kijiko chake, achafuke. Dakika 20 au 25, akikataa ondoa, jaribu baada ya saa mbili.

Muuza_Dagaa_Mwaloni
Kwenye dagaa niachieni. Za mtoto nunua za kichanja, siyo zilizoanikwa mchangani. Jaribu hivi: chukua kiganja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga ukikaa chini, hizo ni za kuku. Nzuri inang'aa kifedha, ukiikunja inavunjika. Iliyogeuka njano au kahawia mgongoni mafuta yameshachacha, itakuwa chungu. Msimu wa mvua kuwa mkali zaidi, kwa kuwa hazikauki na ukungu unaingia.

Toa vichwa na utumbo mweusi, osha mara tatu kwa maji ya moto kiasi, anika juu ya kitu safi, kisha kaanga kikavu kwa moto mdogo ukigeuza mpaka zilie kavu. Twanga, chekecha mara mbili. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko, kidogo kidogo, isizidi wiki mbili tatu. Kijiko kimoja cha chakula kwenye mchuzi wa nyanya wa mtoto kinatosha kwa mlo.

Kwa samaki mbichi, mnofu wa sangara ni rahisi kwake, mifupa mikubwa unaiona. Sato ni mtamu ila mbavu zake ni nyembamba, papasa mnofu wote kwa vidole na siyo kwa kijiko.

Fundi_Maji
Mmeruka chupa ya chai, na mimi naishuku kuliko unga. Uji wa saa kumi na mbili ukifunguliwa saa saba si wa moto wala wa baridi, ni vuguvugu, ndivyo vijidudu vinavyopenda. Vingine mbegu zake hazifi kwa kuchemka, zinaamka uji ukipoa. Chakula kilichopikwa kiliwe ndani ya saa mbili. Mpimie dada unga mkavu kwenye kopo, apike mchana. Siku asipoweza, mwachie ndizi na parachichi zima, vyote amenye muda wa kula. Chuchu za chupa na vikombe vyenye mdomo viondoe, kikombe cha wazi kinasafishika.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, yakae kwenye ndoo yenye bomba. Kata inayotumbukizwa na mkono ndiyo inayorudisha uchafu. Simtanki nayo ioshwe, tope la chini huchafuka kila mgao unaporudi kwa kasi.

Na kama siku za mgao mnachota maji ziwani, usimwogeshe nayo papo hapo. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi. Maji yakitulia siku mbili kwenye chombo safi kisicho na konokono, hufa. Au yachemshe, yapoe.

Mama_wa_Mabatini
Asanteni sana. Dada nimemuuliza, ni kweli alikuwa anamlaza. Swali moja: ORS anaikataa, akinywa anatapika.

Nesi_RCH
Usimpe kikombe. Kijiko cha chai kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika subiri dakika 10, anza tena, taratibu zaidi. Kidonge cha zinki kiyeyushe kwenye kijiko cha maziwa yako, akikitapika ndani ya nusu saa rudia. Kesho kliniki nenda na kadi, mpime uzito bila nguo nzito, na uwaambie hizo namba tatu za kilo kabla hawajakuuliza.