Thailand mnalipwa kwa pasipoti, si kwa kazi. Mawakala wa Dar, acheni kuuza watoto wa watu

Wakuu, kwema?

Nina miaka miwili na nusu huku Thailand, mkoa wa Nakhon Ratchasima, wenyewe wanafupisha wanasema Korat. Nafundisha Kiingereza shule ya serikali. Leo sijaja kuomba ushauri, nimekuja kutapika nyongo. Na yule wa "si urudi nyumbani" ajipange, nitamfikia.

Jana dogo mmoja wa Mbeya kanitumia ujumbe. Kapata mtu Dar wa kumleta huku kufundisha, na huyo mtu anataka milioni 4. Maelezo ni haya: ingia na viza ya utalii, ya kazi utabadilishiwa hukohuko, mshahara baht 40,000, nyumba inalipiwa na shule. Baht moja ni kama shilingi 75, kwa hiyo dogo keshapiga hesabu ya milioni 3 kwa mwezi na keshamwambia mama yake aanze kuulizia bei ya bati. Nilisoma ule ujumbe mara mbili. Ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, hata mpangilio haujaguswa. Kilichopanda ni bei tu, mimi nilitoa milioni 3.

Hiyo 40,000 ipo, wakuu. Ila siyo ya mtu mwenye pasipoti yetu.

Kwenye idara yetu tuko wageni wanne. Mwingereza, ana shahada ya mambo ya hoteli, kaajiriwa na shule moja kwa moja: 38,000, analipwa miezi 12. Mrusi: 32,000. Mimi, shahada ya ualimu, miaka minne ya kujitolea shule ya kata nikisubiri ajira za TAMISEMI: 22,000. Dada wa Kifilipino, ambaye kwa kweli ndiye mwalimu bora kuliko sote: 18,000. Mimi na huyo dada tuna vipindi 24 kwa wiki. Mrusi ana 18, na karatasi zake za mtihani huwa ananiletea nimnyooshee sarufi kabla hazijaenda kuchapwa. Simlaumu, ni mshikaji na huninunulia kahawa. Lakini nenda getini uone lile bango la kualika wazazi waandikishe watoto: sura kubwa ni yake. Mimi nimo pia, ukitafuta vizuri, nyuma ya bendera.

Sasa nisikilizeni nilivyojua kwamba napigwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda hifadhi ya Khao Yai. Pale mgeni analipa 400, Mthai 40, na bei ya Mthai mara nyingi huku huandikwa kwa tarakimu zao, tofauti kabisa na hizi zetu ukiacha sifuri, ili usishtuke. Sikulalamika, na sisi Serengeti tunafanya hivyohivyo. Ila nilirudi nikajifunza zile tarakimu zote kumi usiku uleule, kwa hasira tu.

Mwezi wa sita mwaka huu niko ofisini nasubiri mashine ya fotokopi. Juu yake mtu kasahau mkataba. Kithai sisomi, lakini niliona jina langu kwa herufi za kizungu, na pembeni yake tarakimu: tatu, tano, sifuri tatu. Jina la Mrusi, hivyohivyo. La dada wa Kifilipino, hivyohivyo. Shule inamlipa wakala wa huku, aliyetuweka sisi watatu hapa, 35,000 kwa mwezi kwa kila kichwa. Kila kichwa! Wakala akifika na hela, kwa Mrusi anakata 3,000, kwangu 13,000, kwa dada 17,000. Mkataba wetu ni wa miezi 10, maana likizo ya kufunga mwaka wa shule hatulipwi. Pigeni hesabu wenyewe, kwangu peke yangu ni baht 130,000 kwa mwaka, karibu milioni 10 za kwetu.

Nilimfuata mwakilishi wa wakala. Mama mpole, anatabasamu muda wote. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: hiyo ndiyo bei ya nchi yako.

Kuweni makini, sisemi Wathai ni wabaya. Mwalimu Mthai wa mkataba ninayekaa naye meza moja anapata 15,000 na anatunza wazazi wote wawili. Kima cha chini kwenye mikoa mingi hakifiki baht 400 kwa siku. Kwa hiyo 22,000 siyo njaa, nakubali. Hasira yangu ni kwamba sheria ikija kudai, haiulizi bei ya nchi yako. Kuongeza viza ni 1,900, kwangu na kwa Mwingereza. Ukitaka kwenda kumzika baba yako bila viza kufutika, kibali cha kurudi ni 1,000, na ukihitaji cha safari nyingi ni 3,800. Ukipitiliza muda, 500 kwa siku mpaka 20,000. Na sisi tunaongezewa mtihani juu: Mwingereza Kiingereza chake kinaaminika kwa pasipoti, mimi niliyesoma masomo yote ukiacha Kiswahili kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza nilidaiwa TOEIC, ule mtihani wa Kiingereza, alama kuanzia 600. Nilipata 915. Mshahara haukusogea hata baht moja.

Halafu mtu anasema ni ubaguzi wa shule mojamoja tu. Hapana. Kwa wanaoajiriwa na kampuni, uhamiaji wana orodha rasmi ya mshahara wa chini ili uongezewe muda wa kukaa, na imepangwa kwa uraia: Mmarekani, Mjapani au Mfaransa 50,000, Mwafrika 25,000, kundi moja na Kambodia, Laos, Myanmar na Vietnam. Afrika Kusini wametolewa kundini, wao 35,000. Sisi walimu tuna utaratibu wetu, lakini bosi akishaiona orodha kama ile, wewe utamwambia nini?

Na kuondoka siyo rahisi mnavyodhani. Muda wako wa kukaa umefungwa kwenye ajira. Siku ajira inaisha, ruhusa yako inaisha siku hiyohiyo, ukitaka siku 7 za kufungasha unalipia 1,900 nyingine. Wakala analijua hilo kuliko wewe.

Kuhusu viza ya utalii ya kubadilishiwa: mimi nilifundisha wiki saba bila kibali cha kazi. Kila gari la polisi likipita nje nilikuwa nageukia ubaoni. Ukikamatwa ni faini kati ya 5,000 na 50,000, unarudishwa kwenu, na kibali hupewi kwa miaka miwili. Baadaye nikatumwa Vientiane, Laos, nikaombe viza ya kazi ubalozini: basi hadi Nong Khai, viza ya Laos, chumba, vyote mfukoni mwangu. Nikarudi, mama mwenye nyumba hajanisajili kwenye TM30, ile fomu ya kuwaarifu uhamiaji kwamba mgeni anakaa kwako, kwa sababu anaogopa serikali itamdai kodi ya mapato. Sheria inasema ni jukumu lake. Faini ya 800 nililipa mimi, maana bila risiti ile faili langu lisingepokelewa.

Wadada mnaoambiwa njooni msuke, huku Waafrika wamejaa, hela ipo: kusuka na kutengeneza nywele ni kazi ya Mthai kisheria, mgeni hapewi kibali hata akiwa na mtaji. Kuna dada wa Tanga alikuwa anasukia chumbani kwake Ramkhamhaeng, Bangkok. Mteja wa mwisho alikuwa amefika nusu kichwa walipogonga mlango. Yule mteja alinisimulia mwenyewe, alitoka na kofia.

Haya, wa "rudi nyumbani". Nirudi na nini? Milioni 3 ilikuwa ya shamba la mzee. Nimeshairudisha, mwezi wa nne mwaka huu, kwa kula wali na yai la baht 40 na kuishi chumba ambacho umeme natozwa uniti moja karibu mara mbili ya bei ya serikali. Sasa ndiyo kwanza naanza kuweka changu. Nitarudi kwa muda wangu. Shida ukipata pia ujue ubalozi wetu uko Kuala Lumpur, wenye ubalozi Bangkok ni majirani zetu Wakenya.

Wewe wakala unayesoma hapa, najua umo humu: andika kwenye tangazo lako 22,000 kwa miezi 10, andika wiki saba za kujificha, halafu uone kama kuna mtu atauza shamba.

Jumatatu nina zamu ya kuripoti uhamiaji, ile ya kila siku 90. Mtandaoni mfumo umenikataa mara mbili, kwa hiyo naenda mwenyewe, kilomita 60 na pikipiki ya kukodi, na siku hiyo nakatwa baht 730 kwa kutokuwepo darasani. Dogo wa Mbeya nilimwandikia haya yote jana usiku. Tiki mbili za bluu. Hajajibu.